Kupiga Picha za Njia, Ngoma na Michoro ya Kuta Dodoma na Kondoa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa mpiga picha anayetaka kuzunguka Dodoma na maeneo ya jirani akiwa na kamera ya kawaida au simu janja nzuri, na kurudi na picha za mambo matatu: njia na mandhari yake, ngoma za wenyeji, na michoro ya kuta, kuanzia ile ya miambani Kondoa hadi ile ya vinyozi na gereji za mjini. Nimeyaweka mambo haya pamoja kwa sababu yanadai nidhamu moja. Picha ya ngoma isiyotajwa jina, ya mchoro ambao mchoraji wake hajulikani, au ya kijiji ambacho hakuna awezaye kukitambua, humfurahisha mtazamaji wa mbali kwa dakika moja, lakini mwenye ngoma, mwenye mchoro na mwenye kijiji hawawezi kuitumia kwa lolote. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga picha ambayo wahusika wenyewe wataitambua, wataitaja na wataihifadhi.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu na saa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni kiangazi. Misimu hii miwili hutoa picha tofauti kabisa za mahali palepale. Wakati wa mvua hewa huwa safi, mawingu huwa mazito, mibuyu huvaa majani, na mashamba ya mtama na uwele hufunika ardhi nyekundu. Wakati wa kiangazi mibuyu hubaki mitupu na matawi yake huonekana vizuri dhidi ya anga, upepo huinua vumbi, na barabara za vijijini hupitika bila wasiwasi wa tope. Anayetafuta mandhari ya kijani aje Februari au Machi. Anayetafuta ngoma aje baada ya mavuno, kuanzia Juni, kwa maana ndipo watu wanapokuwa na chakula ghalani na nafasi ya kukusanyika. Mizabibu, ambayo ni zao la fahari la mkoa huu, huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo uliza wakulima tarehe zao kabla ya kupanga safari.

Kuhusu saa, Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupanda haraka na mwanga laini haudumu. Saa zenye faida ni kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa 2 na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa 11 jioni hadi linapozama. Katikati ya mchana jua la nyanda hizi kavu huweka vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua, na hakuna programu itakayoviondoa vizuri. Muda huo utumie kupiga picha za watu waliokaa kivulini, barazani au chini ya mwembe, na kuzungumza nao, jambo ambalo kwa hakika linahitaji muda mrefu kuliko kupiga picha yenyewe.

Hatua ya pili: Andaa vifaa vichache

Lenzi mbili zinatosha: moja pana, ya kati ya milimita 24 na 35, kwa njia, kuta na makundi, na nyingine ya milimita 85 au zaidi kwa nyuso na mikono ya wapiga muziki. Adui mkubwa ni vumbi, kwa hiyo usibadilishe lenzi mahali penye upepo. Ingia ndani ya gari au nyumba, na kamera iwe imeelekezwa chini. Beba mfuko wa plastiki wa kufunika kamera barabarani, kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi, kadi mbili za memori, pawabenki, kitambaa cheusi, rula fupi, na daftari dogo lenye kalamu. Daftari ndicho kifaa ninachokihimiza kuliko vyote, na sababu yake itaonekana hatua kwa hatua.

Hatua ya tatu: Omba ruhusa kwa mpangilio unaoeleweka

Kijijini ruhusa haiombwi kwa mtu wa kwanza uliyekutana naye njiani. Fika kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, eleza unakotoka, unachotaka kupiga na mahali picha zitakapokwenda, kisha omba akukutanishe na kiongozi wa kikundi cha ngoma au na mwenye nyumba unayoihitaji. Mjini ngazi hiyo ni ofisi ya mtaa, ingawa kwa mchoro wa dukani inatosha kuzungumza na mwenye duka. Salamu hutangulia yote. Ukiwa kwa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, “mbukwenyi” ikitamkwa kwa heshima mbele ya wazee waliokaa barazani hufungua mazungumzo ambayo kamera haiwezi kuyafungua, na aliyejibiwa salamu haharakii shida yake, bali husubiri aulizwe habari za alikotoka. Kwa wazee wasio Wagogo, shikamoo haijawahi kumwangusha mtu.

Suala la fedha lizungumzwe mapema na kwa uwazi. Kikundi cha ngoma kina gharama zake za mavazi, ngozi za ngoma na usafiri, na ni haki kiseme kinachotaka. Mkikubaliana, kabidhi fedha kwa mweka hazina mbele ya wenzake ili pasibaki manung'uniko baada yako. Kumtuza mchezaji kwa noti wakati ngoma inaendelea ni desturi nzuri na hakuna atakayekukataza, lakini tuzo hilo si malipo ya ruhusa, na mambo hayo mawili yasichanganywe.

Yapo mambo ambayo ruhusa ya kijiji haiyafikii. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, uwanja wa ndege, Ikulu ya Chamwino, Bunge na Mji wa Serikali wa Mtumba visipigwe picha bila kibali cha wahusika, na askari au mlinzi akikuambia uishushe kamera, ishushe kwanza ndipo ueleze. Droni haziruki bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nalitaja hili hasa kwa sababu kijiji cha Chamwino Ikulu, ambacho ni kitovu cha muziki wa Kigogo, kipo jirani na Ikulu yenyewe, na mtu anayerusha droni ili apate picha ya uwanja wa ngoma kutoka juu anajitafutia matatizo makubwa pamoja na wenyeji wake. Vilevile, mambo ya jando na unyago hayapigwi picha hata kama ndugu wa karibu amekukaribisha. Kwa watoto wengine wote, omba ridhaa ya mzazi. Mwaka 2022 nchi ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mpiga picha anayetaka kuuza au kusambaza sura za watu afanye ridhaa ya maandishi kuwa kawaida yake.

Hatua ya nne: Piga picha za njiani

Anayesafiri kwa basi la asubuhi kutoka Dodoma kwenda Kondoa na aombe kiti cha dirishani upande wa kushoto, yaani upande wa mlango. Basi linaelekea kaskazini, jua liko mashariki nyuma ya mgongo wako, na vilima, mibuyu na nyumba za upande wa magharibi humulikwa vizuri. Ukirudi jioni kuelekea kusini, upande wa kushoto tena ndio ulio sahihi, kwa kuwa sasa jua limehamia magharibi nawe unatazama mashariki. Lenzi igusane karibu kabisa na kioo, na kitambaa cheusi kikizungushwa kati ya lenzi na kioo huondoa taswira ya shati lako inayojirudia kwenye picha. Usiegemeze kamera kwenye bodi ya basi, maana mtetemo wake huharibu picha kuliko mkono unaotikisika.

Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, hivyo vitu vya karibu na reli huwa mistari tu. Lenga mbali na utumie kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Reli ya zamani, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910, ndiyo iliyoufanya mji huu ukue, na mitaa iliyo karibu na stesheni ya zamani inastahili asubuhi nzima ya kutembea kwa miguu. Kupiga picha ndani ya stesheni zote mbili omba kwanza kwa wahudumu.

Kuelekea kusini kwenye barabara ya Iringa lipo ziwa la Mtera, lenye wavuvi na mandhari ya maji katikati ya nchi kavu. Wapige wavuvi na maji. Ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme viache.

Hatua ya tano: Piga picha za ngoma

Hapa ndipo penye utajiri na ugumu mkubwa zaidi, na nashauri sehemu kubwa ya muda wako uitumie hapa.

Muziki wa Wagogo ni wa sauti nyingi zinazopishana na kujibizana. Upo nindo, ambao ni uimbaji wa kundi. Ipo muheme, ngoma ya wanawake, ambapo wapigaji huishikilia ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku wakisogea pamoja. Zipo ala za mtu mmoja au wachache: zeze lenye tumbo la kibuyu, ilimba yenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na ndono, upinde wa waya mmoja. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka zeze na ilimba kwenye majukwaa ya nchi nyingi, na jina lake bado hufungua milango ya mazungumzo na wazee wa muziki. Kwa anayeanza, mahali pepesi pa kuona vikundi vingi kwa pamoja ni Tamasha la Muziki wa Cigogo linaloandaliwa Chamwino, mashariki mwa jiji kwenye barabara ya Morogoro. Uliza tarehe za mwaka husika mapema.

Ngoma inapoanza, acha kamera ndani ya mfuko kwa wimbo mzima wa kwanza. Sikiliza ni wapi mapigo hubadilika, tazama kiongozi anatoaje ishara, iwe kwa filimbi, kwa mkono au kwa sauti, na uone ni kitu gani hufuata baada ya ishara hiyo. Mabega yanapotikisika na miguu inaporuka, jambo hilo halitokei kwa bahati. Limepangwa ndani ya wimbo, na litarudi. Mpiga picha aliyeusikiliza wimbo wa kwanza huwa tayari kabla ya mruko, wakati asiyeusikiliza hubonyeza baada ya miguu kugusa chini.

Baadaye chagua mahali pa kusimama. Usikae mbele ya katikati ya mstari, kwa sababu unawazuia watazamaji ambao ndio waliochezewa ngoma hiyo. Kaa pembeni kidogo, ili uone uso wa mpigaji wa kwanza na mikono ya wale waliomfuata. Katika muheme, kwa kuwa ngoma hukaa mapajani, kamera isishuke chini ya kimo cha ngoma na isielekezwe kutoka mbele kwa chini; piga kutoka ubavuni, kwa kimo cha ngoma au cha kifua. Wanawake wataliona hilo mara moja, na namna watakavyocheza mbele yako itategemea kama wamekuamini.

Jioni, vumbi linaloinuliwa na miguu huwaka kama dhahabu likiwa na jua nyuma yake. Ukitaka picha hiyo, simama ukilielekea jua lakini pima mwanga kwenye uso wa mchezaji na si kwenye anga, la sivyo nyuso zote zitakuwa vivuli visivyotambulika. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini kisha rekebisha mwanga taratibu hadi ngozi ionekane kwa rangi yake halisi. Simu nyingi hupenda kuing'arisha ngozi nyeusi kupita kiasi, na wenyewe hawapendi kujiona wamepaushwa. Kwa mruko, kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde au zaidi. Kwa mikono kwenye ngozi ya ngoma jaribu 1/30, huku mwili wa mpigaji ukiwa umetulia, na mikono itaonyesha mwendo wake. Sipendekezi flashi hata kidogo: inawashtua wachezaji na inaua vumbi, vivuli na jioni yenyewe.

Mpiga zeze au ilimba anahitaji utaratibu mwingine. Mwombe akuruhusu ukae naye anapolinganisha sauti za ala yake kabla ya kuanza, maana hapo ndipo uso huwa na umakini ambao jukwaani umefichwa na furaha ya wimbo. Piga vidole gumba kwa karibu, piga ala peke yake ikiwa imelazwa mkekani kivulini, na piga mahali ilipochakaa au kutengenezwa upya. Picha za namna hii huwafaa sana vijana wanaotaka kujifunza kutengeneza ala, jambo ambalo picha ya jukwaani haiwezi kufanya.

Kisha rekodi sauti. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite, ifunike kipaza sauti chake kwa soksi au kitambaa chepesi kupunguza upepo, na urekodi wimbo mmoja kamili bila kusema neno. Picha ya muziki isiyoambatana na sauti inamwachia mtazamaji kazi ya kubuni, naye atabuni vibaya.

Wachezaji wanapopumzika, fungua daftari. Andika jina la ngoma, jina la kikundi, kijiji, kata na wilaya, tarehe, majina ya waliopigwa picha kwa namna wanavyopenda kuitwa, jina la aliyetengeneza ala, na maudhui ya wimbo kama walivyoyaeleza wao. Wasomee ulichoandika. Watakusahihisha, na masahihisho hayo ndiyo yenye thamani.

Hatua ya sita: Michoro ya miambani Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kituo cha kuanzia ni Kolo, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara kuu iendayo Babati, ambako utalipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Usijaribu kwenda bila mwongozaji: miamba imetawanyika, baadhi ya njia ni za kupanda mlima, na wenyeji bado hutumia baadhi ya vibanda vya mawe kwa matambiko, kikiwemo kile cha Mungomi wa Kolo kinachotembelewa na wengi. Mwongozaji atajua siku na mahali ambapo kamera haifai. Ukikuta alama za tambiko, usizisogeze kwa ajili ya picha.

Michoro myekundu, yenye watu warefu wembamba na wanyama kama twiga, tembo na pofu, ndiyo ya kale zaidi, na watafiti huihusisha na wawindaji na waokota matunda, jamii ambayo Wasandawe na Wahadzabe huhesabiwa kuwa na uhusiano nayo. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Mwaka 1951 Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono, kazi iliyohitaji subira kubwa, nawe uache mwili na macho yako vitulie vivyo hivyo.

Kanuni za hapa hazina mjadala. Usiguse mchoro, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki mwambani. Usimwagie maji ili rangi zikolee, tabia ambayo imeharibu michoro sehemu nyingi duniani. Usiuchore kwa chaki. Usitumie flashi. Mwanga mzuri ni wa kivuli kilicho sawa, kwa hiyo fika wakati jua halipigi ukuta moja kwa moja. Simamisha kamera ikiwa sambamba na uso wa mwamba, itegemeze kwenye tripodi au mfuko wa mchanga, na upige kila mchoro mara tatu: picha pana inayoonyesha kibanda chote, ya kati inayoonyesha kundi la michoro, na ya karibu yenye rula iliyoshikwa pembeni bila kugusa mwamba. Piga pia karatasi nyeupe kwenye mwanga huohuo ili urekebishe rangi baadaye. Kwa michoro iliyofifia, programu ya DStretch hutenganisha rangi na kuonyesha mistari ambayo jicho haliioni. Ukitumia picha iliyotengenezwa hivyo, iandikwe wazi kwamba rangi zake si halisi, na ya asili iwekwe pembeni yake.

Hatua ya saba: Michoro ya kuta za mjini

Kutoka Kolo rudi mjini ukiwa na jicho lililozoea kuta. Katika mitaa ya Majengo, Chang'ombe na kuzunguka soko la Sabasaba tazama vibao vya vinyozi vyenye mitindo ya nywele, kuta za gereji zilizochorwa springi na matairi, saluni, maduka ya dawa, kuta za shule za msingi zenye ramani ya Tanzania, na maandishi ya nyuma ya bajaji. Vibao vya kuchora kwa mkono vinazidi kuachia nafasi mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine, na ukuta uliouona leo unaweza kupakwa rangi mpya mwezi ujao. Kwa maoni yangu kazi hii ni ya haraka zaidi kuliko ile ya Kolo, ambayo ina walinzi.

Tumia njia ileile ya picha tatu. Angalia ukuta unaelekea wapi: wa mashariki uupige asubuhi, wa magharibi jioni, na wa kusini au kaskazini wakati wa mawingu. Picha pana imwonyeshe mtu anayeutumia ukuta huo, kinyozi akiwa kazini au mteja akisubiri, kwa ridhaa yao. Kisha uliza nani alichora. Mara nyingi mwenye duka anamjua, na mchoraji mwenyewe yuko mtaa wa pili akiwa na makopo yake ya rangi. Mtafute, andika jina lake kama anavyotaka litokee, na umuulize alijifunza wapi. Michoro hii ina mwenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ukitaka kuiweka kwenye kalenda, kadi au fulana, makubaliano ni na mchoraji. Kama ukuta una namba yake ya simu, muulize kama anapenda isomeke, kwa kuwa kwake inaweza kuwa tangazo na inaweza kuwa kero.

Hatua ya nane: Kazi ya jioni hiyohiyo na baada ya safari

Kila jioni hamisha picha kwenye kompyuta au diski ya nje kabla ya kulala, na usifute kadi hadi nakala mbili ziwepo. Lipe kila faili jina lenye tarehe, kijiji na ngoma au mtaa, na maelezo kutoka kwenye daftari yaingizwe wakati kumbukumbu ingali mbichi. Chagua chache. Wakati wa kurekebisha, usiondoe vumbi, nyaya wala ndoo ya maji iliyokuwa pale.

Kabla ya kuondoka Dodoma, peleka picha studio ukazisafishe kwenye karatasi, angalau moja kwa kila kikundi, kila mchoraji na kila mzee aliyekupa muda wake, na nyuma ya kila moja andika majina na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Zile za kikundi mkabidhi kiongozi wake, na nakala moja pamoja na rekodi ya sauti, ikiwa kwenye flashi ya kuhifadhia faili, iache ofisi ya kijiji kwa mtendaji uliyeanza kwake. Wengi watapenda pia zitumwe kwa WhatsApp. Zitume kama faili, si kama picha za kawaida, ili zisipunguzwe ubora, nao waweze kuzisafisha tena wenyewe wakitaka.